Maji Hayapandi Ghorofani

Miritini, 11 Februari 2024

Mjukuu wangu Mramba,

Ni mimi Hawe, bibi yako. Mdomo ni wangu, mkono ni wa Rispa, yule fundi cherehani wa chumba cha mbele, kwa hiyo ukiona herufi zimepinda usinilaumu mimi. Hujambo? Unakula? Usiniambie unakula, niambie unakula nini.

Na wewe Afande Chrispine, ambaye Mramba anasema ndiye husoma barua zote za wafungwa kabla hazijawafika, habari za kazi. Nina umri wa kumzaa mama yako. Soma upesi umpe mwenyewe.

Sisi wazima. Faith wa dada yako Cindy ameota meno ya mbele na sasa anang'ata watu. Mbuzi mweusi amezaa. Ruwa, mume wa dada yako, hatujamsikia tangu akimbilie Taveta, na aliko akae huko huko.

Sasa shida. Ile pampu uliyotuletea, uliyopewa kule hotelini Shelly Beach walipovunja chemchemi ya bustani, imekuwa jeuri. Tukishachemsha maji ya kimea tunatumbukiza lile bomba la shaba ulilolizungusha kama nyoka aliyelala, tunawasha pampu ndani ya pipa isukume maji baridi yapite humo, yapooze sufuria. Zamani maji yalikimbia. Sasa yanapanda kwenye mpira, yanafika mahali, yanasimama kama mwanamume aliyesahau alichokijia. Sufuria inalala vuguvugu mpaka jioni, na wewe unajua vuguvugu ndiko unakoingia uchachu mbaya kabla sijatia hamira. Nimemwaga sufuria mbili. Madereva wa malori wamenuna. Afande, huu ni uji. Kinachofuata ukishapoa si kazi yako.

Jambo la mwisho ndilo la kwanza. Mwezi wa nane unatoka. Uliingia humo kwa kumkata Ruwa bega, na ulilenga shingo, nilikuwepo, niliona. Alikuwa amemvunja Cindy mbavu, najua, mimi ndiye niliyemfunga kanga huku analia. Lakini nimezika mume, nimezika watoto wawili, sitaki na wewe ufie ndani ya ukuta. Niandikie neno moja, kwamba ukitoka hutamgusa. Uape. Nataka Rispa anisomee kiapo hicho kwa sauti, na kama hakimo ndani ya barua nitajua umekusudia nini.

Hawe yako.


Gerezani, 24 Machi 2024

Hawe, shikamoo.

Barua yako ya Februari nimeipata juzi. Umeuliza nakula nini. Maharagwe. Yana wadudu, na hata hao wadudu wamekonda. Wiki iliyopita mtu alipasuliwa kichwa kwa ndoo kwenye foleni ya maji, akashonwa bila ganzi. Mimi sikuwemo. Niko mzima.

Pampu. Igeuze, kwenye tumbo lake pana kibati, Rispa ataona tatu na herufi m. Ni mita tatu. Watu hudhani ile namba ni ahadi, kwamba mpaka mita tatu utapata maji. Sivyo. Hapo ndipo maji yanapokoma. Kwa mita moja yanakimbia, kwa mita mbili yanatembea, karibu na tatu ni mate ya mtoto. Mpira ukiwa mrefu na mwembamba unazidi kuyachosha. Haijawa jeuri, imebebeshwa mzigo inaoushindwa. Mahali maji yanaposimama kwenye mpira, funga uzi, kisha upime kwa kanga kutoka usawa wa maji kwenye pipa kwenda juu. Kanga ni mita moja na nusu. Unijibu ni kanga ngapi.

Lakini sielewi jambo. Jiko letu liko uani, chini, karibu na choo. Sufuria juu ya mafiga haifiki hata kanga moja. Umeiweka wapi?

Na mbona ameandika Rispa? Siku zote mwandishi wako ni Cindy. Mwambie aniandikie yeye mwenyewe, hata mistari miwili.

Mjukuu wako,
Mramba


Miritini, 2 Mei 2024

Mramba,

Salamu zako nimezipokea. Umenijibu pampu, umenijibu maharagwe, mpaka habari za ndoo umenipa. Kiapo umekiruka kama mtaro. Mimi si mjinga, nimekosa shule tu.

Habari za hapa. Cindy alijikata mkono wa kulia kwa kisu cha kuparia samaki, ndiyo maana haandiki. Atapona. Faith anacheza ndani siku hizi, jua ni kali. Fundi Munga ametuwekea mlango wa chuma chini ya ngazi, mzuri, umepakwa rangi ya kijani, hata majirani wameuonea wivu. Mbuzi mweusi alikufa.

Nimepima. Rispa alishika mpira, mimi nikashika kanga. Maji yanasimama kanga mbili kasoro upana wa kiganja. Kutoka hapo mpaka mdomo wa sufuria pamebaki nusu kanga na zaidi. Ukiuliza sufuria iko wapi, iko penye upepo. Pipa limebaki chini kwa sababu mwuza maji na mkokoteni wake hapandi kwa mtu. Sasa niambie nifanye nini, maana ninayapooza kwa kupepea na ungo kama mtu anayefukuza nzi, na kazi inaharibika, na hatuna kazi nyingine.

Nakuuliza tena. Utamgusa au hutamgusa? Babu yako Katana alikuwa na hasira kama zako, lakini alikuwa na adabu ya kunijibu.

Hawe.


Gerezani, 9 Juni 2024

Hawe, shikamoo.

Maji yamesimama kanga mbili, na sufuria bado iko juu yake. Nimelala nikiangalia dari nikihesabu. Kwenye nyumba yetu hakuna kitu kilicho juu hivyo isipokuwa ile ghorofa ambayo babu alikufa kabla hajaiezeka. Hakuna paa kule. Hakuna ukuta wa ngazi. Hakuna mtu mwenye akili atakayepandisha sufuria ya kimea na kuni mpaka pale kufuata upepo. Na mlango wa chuma chini ya ngazi. Na mtoto hachezi nje. Na Cindy, ambaye hajawahi kushika samaki kwa sababu wanamtia kichefuchefu, amejikata kwa kisu cha samaki.

Karudi. Karudi tangu lini?

Sasa nisikilize, na Afande na asikilize. Nikitoka humu nitakwenda moja kwa moja mpaka alipo, na safari hii sitalenga bega

Afande ameninyang'anya karatasi, amenirudishia. Naendelea na pampu.

Msishushe sufuria. Kaeni huko huko juu. Ng'oa mpira wa kutolea maji, weka mwingine mrefu ushuke kwenye ngazi mpaka ndani ya pipa la pili, chini kabisa, chini kuliko usawa wa lile la kwanza. Kabla ya kuwasha pampu, jaza mipira yote maji kutokea juu, kwa jagi, mpaka hewa yote itoke. Hewa ndiyo adui. Mpira ukiwa umejaa maji matupu, yale yanayoshuka yatayavuta yale yanayopanda, na pampu itakuwa ya kusaidia tu. Bomba la shaba na mpira unaoshuka ufunge kwenye nguzo ya zege, imara, uzito wa maji usije ukauvuta.

Na muwe mbali na maji yanayotoka. Yakipita polepole yanatoka na moto wa kunyonyoa kuku.

Niambie amefanya nini kwenye mkono wake.

Mramba


Miritini, 30 Juni 2024

Mramba,

Hakuna salamu leo, tumechoka.

Chrispine amefuta mistari mingine minne kwa wino mweusi, Rispa hakuweza kuisoma. Mimi nilipapasa karatasi kwa kidole, nikaijua. Umeikandamiza kalamu mpaka imetoboka upande wa pili.

Ruwa alirudi mwezi wa kwanza. Mbona nilikuficha unajua, usiniulize. Alimkuta Cindy kisimani akamwambia twende nyumbani. Cindy akasema nyumbani ni hapa. Akamwekea mkono juu ya ukingo wa kisima akaukanyaga kwa kisigino mpaka mfupa ukalia. Watu walikuwepo. Mmoja alisema, mke wake huyo. Nilifika na mwiko wa kukorogea nikampasua sikio, na ningekuwa na miaka hamsini angebaki pale pale. Mfupa umeunga vibaya. Hashiki kalamu. Hashiki hata kichana.

Tangu hapo ameshakuja mara nyingi. Mbuzi hakufa tu, alichinjwa akaachwa mlangoni na tumbo wazi. Wazee nimewaita waivunje ndoa, wakaja, wakanywa, wakasema kijana naye aitwe asikizwe. Kijana akaitwa, akaja na panga, akalilaza mezani mbele yao, akasema nimekuja kusikizwa. Wazee wakakumbuka wana matanga mahali. Polisi wameandika. Wameandika sana.

Kwa hiyo ndiyo, tuko juu. Tunalala juu, tunapika juu, tunachemsha juu, chandarua na turubai. Anapiga ule mlango kwa ubapa wa panga anamwita mwanangu majina ambayo Rispa amekataa kuyaandika. Nami nammwagia maji ya choo kutokea juu. Hatujambo.

Maji yanakimbia. Tulijaza mipira kwa jagi kama ulivyosema, Rispa akaziba mdomo wa chini kwa kidole gumba, aliposikia mlio wa pampu akaachia, na yakashuka kama mtu aliyefunguliwa kamba. Sufuria imepoa kabla sijamaliza kutafuna tambuu. Madereva wamerudi kucheka. Una akili, Mramba. Una akili nyingi sana kwa mtu wa kuoza humo ndani.

Ndiyo maana nakwambia haya yote ukiwa umekaa. Nimekueleza aliyoyafanya, sijakupunguzia. Sasa uape. Ukimuua, watakufunga mpaka ndevu zikufike magotini, mimi nitakufa, na Cindy atabaki na mkono mmoja na mtoto mmoja na wakwe wanaotaka damu. Wewe utakuwa umefurahi siku moja. Uape, mjukuu wangu. Nakuomba, mimi ambaye siombi watu.

Hawe


Gerezani, 28 Julai 2024

Hawe, shikamoo.

Natoka tarehe ishirini na tatu Agosti. Sihitaji nauli wala nguo.

Sitakudanganya kwa kuwa hujawahi kunidanganya jambo kubwa mpaka mwaka huu. Siapi. Nimejaribu. Nilikaa na kalamu nikaandika naapa, halafu nikaona kisima na kisigino. Mkono wa Cindy ndio ulionifunza mimi kuandika.

Mpira umeufunga kwenye nguzo?

Mramba


Mahabusu, 19 Agosti 2024

Mjukuu wangu Mramba,

Sasa na mimi nina afande wangu wa kusoma barua zangu. Ni mwanamke, anaitwa kwa jina la baba yake, na amenipa blanketi la pili. Anayeandika ni mwalimu mmoja aliyemchoma mumewe kisu cha paja, mtu mpole sana. Rispa atakupa barua hii langoni siku ya kutoka. Usipande gari kabla hajamaliza kukusomea, na kama unasoma mwenyewe, kaa chini.

Cindy na Faith wazima. Hawakuguswa. Nimeanza na hilo ili upumue.

Jumamosi iliyopita, mchana, tulikuwa tumeepua, sufuria bado inatokota, bomba la shaba limo ndani, pampu haijawashwa. Ruwa akaja na nduguye na mtaimbo. Hawakubisha safari hii. Waliung'oa mlango na bawaba zake. Nikamsukuma Cindy na mtoto nyuma ya tangi tupu la huko juu. Nikasimama juu ya ngazi.

Alipanda akicheka. Ana panga mkono mmoja. Ile ngazi haina ukuta wa kushika, unaijua, na alikuwa amekunywa, si yangu, uchafu wa kwingine. Akaniambia, bibi kizee, leo nitakula wewe kwanza. Nikamwambia, panda basi, una meno? Akayumba, akashika mpira ajivute. Mpira ukavuta bomba, bomba likavuta sufuria.

Maji ya kimea si maji, Mramba. Yana utamu, yanaganda na ngozi. Yalimshukia usoni na kifuani, na alipojifuta uso ule uso ukabaki mkononi. Nimezaa, nimezika, nimechinja, sijasikia sauti ile. Akaanguka upande usio na ukuta, nikasikia nyonga yake ikivunjika juu ya zege. Nduguye akakimbia mpaka barabara ya malori, kiatu akakiacha.

Huyo ndugu sasa amewaambia polisi kwamba sufuria niliisukuma kwa mguu. Wameniuliza, mguu wako ulikuwa wapi? Nimewaambia mguu ulikuwa pale kwa sababu miguu hukaa pale mtu aliposimama. Wameuliza mbona mpira ulifungwa kwenye shikio la sufuria. Usiniulize na wewe. Rispa alinisomea nguzo. Mimi nilifunga nilipofunga.

Sasa sikiza, hapa ndipo penyewe. Hajafa. Amelazwa hospitali, wodi ya wanaume walioungua, macho yamefungwa. Mpelelezi ameniambia waziwazi: akipona, kesi ni ya kujeruhi, na wakili aliyeletwa na kanisa anasema mtu aliyevunjiwa mlango na mwenye panga hakimu atamwelewa. Akifa, ni kuua, na mimi mwili huu hauvumilii kesi ya miaka. Nitatoka humu nimelala.

Ndugu zake wamemkimbia. Hakuna anayempelekea hata chai. Manesi ni wachache na yeye anawatukana.

Kiapo sikuombi tena. Ulikataa, basi. Ila ujue kwamba shingo yangu imefungwa kwenye ngozi ya yule mtu. Ukimuua, umeniua mimi. Akifa kwa njaa, umeniua mimi. Pika uji wa wimbi, mwepesi, uchuje. Asubuhi na jioni. Nenda.

Hawe yako.


Miritini, 15 Septemba 2024

Hawe, shikamoo.

Jumatano wameniruhusu kuja kukuona, kabla ya hapo Rispa atakuletea hii na mafuta ya mgongo na tambuu, ikiwa huyo afande wako ni mwema kama unavyosema.

Cindy hajambo. Ameanza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi kama za kuku, anasema usimcheke. Faith aliniuliza mimi ni nani, nikamwambia, akaning'ata. Mlango nimeurudisha. Zege la chini nimelisugua kwa mchanga, halijatoka lote.

Sasa nikwambie. Siku ya kwanza nilikwenda na kisu. Barua yako nilikuwa nimeisoma mara tatu langoni, na bado nilipitia kwa Munga nikachukua kisu. Nikakiweka na chupa ya uji, sikujua nitatoa kipi. Nilipofika kitandani hapakuwa na Ruwa, palikuwa na bandeji na tundu la mdomo. Alisikia hatua akadhani ni nduguye. Akasema, yule malaya yuko wapi? Nikisimama nammaliza, yeye na bibi yake. Alisema hivyo, Hawe, mtu asiye na uso.

Mkono wangu ulikuwa ndani ya mfuko. Nesi akapita akaniuliza, wewe ndiye ndugu? Umechelewa. Hajatia kitu tumboni tangu juzi, akiendelea hivi hamalizi wiki. Akasimama pale kiuno ameshika, ananingoja. Nikauona uso wako. Nikatoa mkono, nikaomba kijiko.

Nakwenda asubuhi na jioni. Nimejifunza kumgeuza asioze mgongo. Nimejifunza kuosha kidonda bila kung'oa kilichoanza kuota, na naifanya taratibu, wenzake wa wodini wanasema una bahati ya ndugu. Usiku natoka pale, natapika nyuma ya ukuta, nakwenda nyumbani nasaga wimbi wa kesho.

Juzi akanitambua kwa sauti. Halafu akakataa kula. Amefunga mdomo siku mbili, na si kwa maumivu, amejua. Kuna mtu amemwambia habari za kesi yako. Anataka afe ili akuue, Hawe. Ndiyo silaha iliyombakia.

Leo asubuhi nilikaa kitandani kwake. Nikamziba pua kwa vidole viwili, nikamshika taya, upande usioungua, kwa nguvu ambazo nesi hakuziona. Alikaza. Nikakaza. Alivumilia muda wa kutisha. Alipofungua kutafuta hewa nikatia kijiko, nikamfumba mdomo kwa kiganja, nikainama mpaka sikioni pake nikamwambia, utaishi, mbwa wewe. Utaishi mpaka uzeeke.

Akameza.

Mjukuu wako,
Mramba